Kalavati lililoingia baharini

Siku tuliyofungua ramani mpya kwa mara ya kwanza, kalavati namba 41, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, tulilikuta baharini. Lilikuwa katikati ya ghuba ya Mikindani, pale ngalawa zinapotia nanga, na wenzake wanane wamejipanga nyuma yake majini kama vifaranga. Kijana wa TEHAMA aliyetumwa kutoka makao makuu aliitazama skrini, akaitazama rejista yangu ya karatasi, akasema kwa upole, "Dada, data yenu ina shida."

Mimi nimekulia Mikindani. Kalavati namba 41 nalijua kwa miguu, nilikuwa nalivuka kwenda shule. Mvua kubwa zikinyesha tulikuwa tunasimama juu yake kuangalia maji yakitokea upande wa pili, rangi yake kama chai ya maziwa. Halijawahi kuhama. Nikamwambia, "Kaka, twende ukalione."

Hatukwenda siku ile, mvua ilikuwa haijakatika. Jioni nikampigia simu mzee mmoja aliyestaafu upimaji, sasa analima mikorosho yake upande wa Newala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mtwara mnaendeleaje?"

Nikamsomea namba za kalavati 41. Hakunisubiri nifike mwisho. "Hizo nilizipima mimi," akasema. "Ni za ramani zetu za zamani, Arc 1960. Mitambo yenu ya leo inafuata satelaiti, kipimo chake kinaitwa WGS84. Ukizisoma namba za kule kwa kipimo cha huku, kitu kinasogea karibu mita 300 kwenda kaskazini. Sasa kwa Mikindani, mita 300 kaskazini ya barabara si majini?"

Nilikuwa nimeishi na rejista ile miaka 13 na sikuwahi kulisikia jambo hili. Dunia haijaviringana sawasawa. Wapimaji wa Afrika Mashariki wa zamani walichagua umbo lililokaa vizuri na eneo letu, wenye satelaiti wakachagua umbo la kufaa dunia nzima. Namba zinafanana sura, lakini hazianzii mahali pamoja. Kompyuta inaweza kuzibadilisha zote kabla chai haijapoa. Kazi ilikuwa kujua zipi zibadilishwe na zipi ziachwe, kwa sababu mzee alipostaafu, vijana walipima kwa GPS za mkononi wakaandika kwenye safu ile ile, na hakuna aliyeweka alama. Nilikaa wiki sita na kaunta buku nne nikizitenganisha kwa mwandiko. Mzee anaandika saba yake na mstari katikati. Kila nilipoona saba yenye mstari, nilijua hiyo ni Arc 1960.

Taasisi ninayofanyia kazi sitaitaja. Inatosha kusema ni ya serikali, inahusika na barabara na usafiri, na mimi niliajiriwa kama mtunza kumbukumbu wa masijala kabla kazi haijageuka kuwa ya data. Nimeona kompyuta ya kwanza ikiingia ofisini kwetu, nimeona seva, mashine ya kutunzia data ya ofisi nzima, ikiingia na kufa, na sasa nimeshiriki kuhamishia kila kitu kwenye wingu, klaudi kama vijana wanavyoita, yaani mashine za mbali tunazozifikia kwa mtandao. Watu wakisikia "tumehamia kwenye wingu" wanadhani kuna mtu alibonyeza kitufe Dodoma. Nataka niandike ilivyokuwa hasa huku kusini, kwa sababu naona wilaya na mikoa mingine inaanza safari hii, na yako mambo ambayo ningefurahi sana kama mtu angeniambia mapema.

Seva kwanza. Ilikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio na ndoo. Tuliwekewa kiyoyozi, tukawekewa betri ya kushikilia umeme, na mlango ukapigwa kufuli. Mtwara ina hewa ya chumvi, ukiacha msumari dirishani mwezi mmoja unaota kutu, na ndani ya mashine ile kulikuwa na miguu midogo ya chuma kama nywele. Umeme nao mnajua. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara tuliendeshwa na mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, mtambo mmoja ukilala tulikuwa tunalala wote. Ile betri ilikuwa inalia pii, pii, pii, mpaka dada wa masijala akazoea kujua kwa mlio wake imebakiza dakika ngapi.

Ilikufa siku ya Ijumaa. Haikulia, haikutoa moshi. Jumatatu tuliwasha, ikazungusha feni, ikanyamaza. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye flashi, droo ya tatu, na mara ya mwisho kunakiliwa ilikuwa miezi 11 nyuma. Katika miezi hiyo kulikuwa na msimu mzima wa korosho: hesabu ya magari yote yaliyopita kwenye vituo vyetu, saa kwa saa, tangu minada ilipofunguliwa Oktoba mpaka malori yalipopungua. Nililia siku ile. Nililia mbele ya wenzangu na sikujali, kwa maana niliwajua vijana waliokaa kando ya barabara usiku na tochi kuhesabu magari yale, wakilipwa posho ndogo, wakiumwa na mbu.

Aliyetuokoa ni dada wa masijala. Fomu za karatasi, zile zenye vijiti vinne na cha tano kinakatiza, zilikuwa zimeagizwa zichomwe baada ya kuingizwa kwenye kompyuta. Yeye alikuwa ameziweka kwenye viroba chini ya ngazi. Nilipomuuliza kwa nini hakuzichoma alisema, "Dada, hiki kitu kimeandikwa na mkono wa mtu. Sikuona sababu." Kiroba kimoja mchwa walikuwa wameshakifikia, wamekula pembe za juu za fomu zote, pembe yenye jina la kituo na tarehe. Tulizirejesha kwa kumtafuta kila karani na kumuuliza, "Huu ni mwandiko wako? Ulikuwa unakaa kituo gani?" Wengi walikumbuka. Mmoja alikumbuka kwa sababu usiku ule alimsaidia mama mjamzito kupata gari la kwenda Ndanda hospitali.

Kwa hiyo sitaki mtu anifikirie kuwa napinga wingu. Nimeona kinachotokea data ikikaa kwenye sanduku moja ndani ya chumba kimoja. Na hata jina la wingu lisitulaze. Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, mifumo 647 ikasimama, na hifadhi ya mafaili ya watumishi wa serikali, terabaiti 858, ikateketea kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Ile hifadhi ilikuwa wingu. Marekani nako, tarehe 11 Januari 2023, ndege za nchi nzima zilizuiwa kuruka asubuhi kwa sababu mafundi wa mkataba walipokuwa wanaoanisha kanzidata ya matangazo ya marubani na nakala yake, walifuta mafaili pasipo kukusudia. Walikuwa na nakala, na kwenye kazi ya kuitunza ile nakala ndipo walipojikwaa. Hawa ni watu wenye fedha na mafundi kutuzidi. Nilipowasimulia wenzangu ofisini kwetu, tulikubaliana jambo moja ambalo limebaki mpaka leo: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunachukua nakala na kuirudisha kwenye kompyuta nyingine tupu, kisha mtu anafungua rekodi 20 alizochagua mwenyewe na kuzilinganisha na karatasi. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama unayo.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Seva ni mali, inanunuliwa mara moja, inabandikwa namba ya mali, mkaguzi akija anaiona. Wingu ni kama kodi ya nyumba, unalipa kila mwezi na hakuna cha kubandika namba. Bajeti zetu zimezoea kununua vitu. Kabla ya kuhama, mhasibu aitwe mezani mapema, asisubiri ankara ya kwanza.

Sasa nije kwenye kuhamisha kwenyewe. Tuliendesha mifumo miwili pamoja kwa miezi minne, wa zamani na mpya, kila kitu kinaingizwa mara mbili. Watu walichoka, wakanilaumu, na mimi ndiye niliyekuwa nashikilia tusiuzime wa zamani. Mwezi wa tatu kijana wa TEHAMA alinionyesha grafu nzuri sana, ya rangi, ya malori yanayoingia Mtwara mjini. Lakini ule mlima mkubwa wa msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, haukuwepo. Malori yalikuwa yametawanyika mwaka mzima, hata mwezi Mei.

"Haya ya Mei ni nini?" nikamuuliza.

"Malori dada. Inaonekana yanapita mwaka mzima."

Mei hakuna korosho. Mei watu wanapalilia mikorosho na kuulizia salfa, dawa ya mikorosho, itafika lini. Lori la semi lenye magunia ya korosho kuingia Mtwara mwezi Mei, mtu yeyote wa huku atakwambia hapana, awe mkulima, awe mama ntilie wa Mnazi Mmoja. Yeye ni mtu wa Kilimanjaro, hakuwa na namna ya kujua. Tukakaa chini tukafungua rekodi moja moja. Sisi tunaandika 5/11 tukimaanisha tarehe tano Novemba. Mfumo uliandikwa kusoma kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza, ukaielewa kuwa ni tarehe 11 Mei. Tarehe 10/12 ikawa 12 Oktoba. Zile zenye namba kubwa, kama 25/11, mfumo haukuweza kuzipindua kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi ukazitupa kimya kimya bila kutoa taarifa. Tulihesabu zilizotupwa. Zilikuwa zaidi ya nusu.

Naomba niwe wazi kwamba simlaumu kijana yule. Alifanya kazi kwa moyo, alilala ofisini siku mbili kulirekebisha, na leo ni kama mdogo wangu, nikienda Dodoma nafikia kwake. Ninachosema ni kwamba kosa lile halikuonekana kwenye kompyuta hata kidogo. Namba zilikuwa safi, grafu ilikuwa nzuri. Lilionekana kwa sababu mtu aliyejua mikorosho alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Kila mkoa unaohamisha data uweke mtu wa namna hiyo, na apewe mamlaka ya kusema "simamisheni".

Mtu anaweza kuuliza, hesabu ya malori ina umuhimu gani hivyo? Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walijenga barabara za majaribio jimboni Illinois, wakaweka madereva wa jeshi wazunguke juu yake na malori ya uzito tofauti kwa takriban miaka miwili. Matokeo yake ndiyo yanatumika duniani mpaka leo: ekseli ikibeba uzito mara mbili, barabara inaumia karibu mara 16. Gari dogo linalopita Mtwara kwenda Lindi halina madhara ya kuhesabika. Semi moja iliyojazwa kupita kiasi inakula lami kuliko magari madogo maelfu. Ndiyo maana kuna mizani, ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Sasa fomu zetu za zamani zilikuwa na mstari mmoja tu, "magari makubwa", basi la Dar es Salaam na semi ya korosho humo humo. Fomu za baadaye zimetenganisha. Ilipokuja kuhamisha, lilitolewa wazo kwamba zile mpya ziunganishwe ili mstari wa grafu usikatike. Niliomba tusifanye hivyo, na nashukuru nilisikilizwa. Mstari uliokatika unasema kweli kwamba hapa kipimo kilibadilika. Ukiuunganisha, mhandisi wa miaka 15 ijayo ataamini kitu ambacho hakikuwepo, na ataagiza lami ya unene usiotosha.

Kulikuwa pia na fomu za kuwahoji madereva: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Makarani wengine waliandika na jina la dereva na namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na haki yake ni kwamba dereva aliyesimamishwa Mtama dakika tano ajibu maswali ya mzigo hakukubali simu yake ikae kwenye mfumo wa serikali milele. Majina na namba hizo tulizifuta zote kabla ya kupandisha. Kazi ya siku tatu, na sikuona mtu aliyenung'unika.

Jambo lililonipa ubishi mrefu kuliko yote ni safu moja tu. Rejista ya wingu ilikuja na safu 34: kipenyo, urefu, aina, mwaka, hali, na mahali kwa kilomita. Kalavati linaandikwa 17+350, yaani kilomita 17 na mita 350 kutoka mwanzo wa barabara. Mimi niliomba ya 35: jina la wenyeji. Makao makuu wakasema haina umuhimu wa kihandisi.

Niliwaandikia barua ya kurasa mbili. Nikawaeleza kuwa saa nane usiku mvua ikipiga, anayepiga simu ofisini ni mwenyekiti wa kijiji au kijana wa bodaboda. Hatasema 17+350. Atasema, "Maji yamepanda kwa Fundi Baiskeli, barabara inaliwa." Fundi baiskeli mwenyewe alishahama miaka mingi, banda lake halipo, ila jina limebaki. Dereva wetu mzee anajua ni wapi. Mimi najua. Siku sisi wawili tusipokuwepo, anayepokea simu atakuwa na safu 34 mbele yake na hatajua gari aelekeze wapi. Safu ya 35 ilikubaliwa. Kuijaza, tulizunguka na dereva yule barabara kwa barabara, yeye anataja, mimi naandika: kwenye Mwembe Uliopigwa Radi, kwa Mama Pweza, Kona ya Ng'ombe, Darajani kwa Wayao. Kuna mahali alisimamisha gari akashuka, akasimama kimya juu ya kalavati, kisha akaniambia, "Hapa paandike vizuri mwanangu. Hapa maji yalichukua watu." Nikaandika.

Halafu ikaja Mei 2024.

Waliokuwa kusini wanaikumbuka. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, na baada ya mvua zile barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Kilwa, huko Somanga. Mabasi yalilala njiani, malori yakapanga foleni, nyanya zikapanda bei sokoni. Sisi huku tuna njia moja fupi ya lami ya kwenda Dar. Daraja la Mkapa la mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 tulisema tumetoka kisiwani, ila mvua ikiamua, kisiwani tunarudi. Wiki ile simu za ofisini hazikunyamaza. Mfumo mpya ulikuwa umeshaanza na ulitusaidia sana: mtu anapiga, natafuta jina la wenyeji, naona kipenyo, naona picha ya mwisho, nawaambia mafundi wabebe mabomba ya kipimo gani.

Tarehe 12, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Intaneti ya Tanzania nzima ikazorota. Jumatatu asubuhi nikafungua mfumo, ukurasa ukaja. Nikafurahi, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa mashine zenye data yetu zipo hapa nchini, na mawasiliano ya ndani ya nchi yanapita kwenye Mkongo wa Taifa, hayaendi baharini. Nikaandika jina langu na nywila. Mfumo ukaniambia: ingiza namba tuliyokutumia kwenye barua pepe. Na ile barua pepe ilikuwa inatumwa kupitia huduma iliyoko ng'ambo. Nilingoja namba ile mpaka saa sita mchana. Data ilikuwa Tanzania, ufunguo wa mlango ulikuwa nje ya nchi.

Simu ikalia. Mwenyekiti wa kijiji kimoja cha bara, barabara ya changarawe, anasema kalavati limeng'oka na kuna mgonjwa upande wa pili. Nikavuta droo, nikatoa kaunta buku yenye saba za mstari katikati, nikamsomea fundi vipimo kwa sauti.

Baada ya hapo niliandika barua nyingine. Hii ilikuwa na ombi moja: mfumo utakaotumika Lindi na Mtwara ujengwe ukijua kuwa njia hukatika. Ofisi iwe na nakala ya rejista inayosomeka bila intaneti, ijisasishe yenyewe mtandao ukiwepo. Aliyeko barabarani aandike kwenye kishikwambi papo hapo, kishikwambi kihifadhi, kitume kikipata mawimbi. Na kuingia kwenye mfumo kusitegemee kitu chochote kilichoko nje ya nchi. Nilikumbusha pia Sensa ya mwaka 2022, ambapo makarani walizunguka na vishikwambi mpaka vijiji ambavyo mawimbi yake ni ya kupanda juu ya kichuguu, na kazi ikafanyika. Haikuwa jambo geni kwa nchi hii.

Walikubali. Ilichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa, na kijana wangu wa TEHAMA ndiye aliyesimamia. Alikuja kukaa Mtwara wiki tatu, akapanga chumba Chuno, akazunguka nasi kwenye gari. Shida mpya zikaja, na hizi nazipenda kwa kuwa ni za kweli. Kwa mfano, watu wawili wanapima kalavati moja siku tofauti, wote hawana mtandao, wote wanatuma baadaye. Mmoja ameandika kipenyo sentimita 90, mwingine 60. Mifumo mingi ingemchukua aliyetuma mwisho na kumfuta wa kwanza. Wetu unaziweka zote mbili na kunipigia kengele mimi. Tulikwenda kuangalia lile la kwanza lililogombaniwa, njia ya Nanyumbu. Nikachuchumaa mdomoni mwa bomba. Bomba lilikuwa la 90. Mchanga ulikuwa umejaa kiasi cha sentimita 30 kwenda juu, umelala laini kabisa, na nyayo za kanga zimepita juu yake, na aliyepima alipima uwazi uliobaki. Hakukosea, alipima kile maji yanachokiona. Bomba la 90 lina nafasi zaidi ya mara mbili ya lile la 60, kwa hiyo tofauti ile ndiyo inayoamua kama barabara itabaki. Sasa kuna safu ya 36: kina cha mchanga.

Hadi leo ninapoandika, tumeshayafikia makalavati yote ya barabara za lami na sehemu kubwa ya zile za changarawe. Yamebaki 212 ambayo yapo kwenye kaunta buku na hatujayaona kwa macho, mengi upande wa Liwale na Nachingwea, mengine huenda yamefukiwa na greda, mengine huenda yameandikwa mara mbili. Mzee wa Newala ameniambia baadhi yake yapo kwenye tuta la reli ya zamani, ile iliyojengwa enzi za mradi wa karanga na kung'olewa miaka ya 60, na kwamba yeye anaweza kutuonyesha iwapo tutamtumia gari na tutamrudisha nyumbani kabla ya magharibi. Nimeshaomba gari la Jumatano. Kishikwambi kimechajiwa. Tepe ya mita 50 ndiyo imekatika pale kwenye 38, na duka la vifaa Mtwara mjini wanasema nyingine inakuja na basi kesho.